Kadi ya Grafiki kwa Mwenye Kipato cha Kadiri

Katika viungo vyote vinavyounda kompyuta ya michezo, hakuna kimoja kinachomfilisi kijana, kumchosha mzazi wake na kumnufaisha dalali kwa wepesi kama kadi ya grafiki. Na sababu yake si ughali wa kadi peke yake, maana zipo ghali na zipo rahisi kama ilivyo kwa kila bidhaa, ila ni kwamba swali linaloulizwa dukani, yaani kadi gani ni nzuri na ya bei nafuu, halina jawabu mpaka mengine manne yaliyo nyuma yake yamejibiwa: skrini ina ukubwa gani, pawa saplai ina nguvu kiasi gani, ubao mama ni wa zama zipi, na michezo inayokusudiwa ni ipi. Mshitiri aendaye sokoni na swali la kwanza bila ya haya manne hununua jina. Na jina, kama tutakavyobainisha, ndicho kitu kisichoaminika kuliko vyote katika biashara hii.

Kazi ya kadi ni hesabu. Skrini ya kawaida ya leo ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake zaidi ya milioni mbili, na ili mchezo uonekane kwenda bila ya kukwama yafaa kila nukta ipakwe rangi upya mara 60 kwa sekunde, hesabu ipitayo nukta milioni 124 kila sekunde, na hapo bado hatujataja vivuli, maji, moshi na nuru. Prosesa ya kompyuta, ambayo hushughulika na mambo machache kwa wakati mmoja ingawa kwa ustadi mkubwa, haiwezi kuubeba mzigo huo. Ndiyo maana ikatengenezwa chipu yenye mamia na maelfu ya vihesabio vidogo vifanyavyo kazi sambamba, ikapewa kumbukumbu yake yenyewe, feni zake na njia yake ya umeme. Kutokana na haya yabainika kwamba skrini ndiyo inayoamuru. Skrini ya nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta mara nne kamili za hiyo ya kawaida, na mtu aliyeridhika na skrini ya mistari 1,080 amekwisha kujipunguzia gharama ya kadi kabla hajaingia dukani. Uchambuzi huu wamkusudia yeye.

Kabla ya yote, insafu yatudai tuulize kama kadi inahitajika kabisa. Zipo prosesa zenye grafiki ndani yake, mathalan Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 na Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024, ambazo huendesha Valorant, Counter-Strike 2 na hata GTA V kwa mipangilio ya chini bila ya kadi yoyote, kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hulisahau: kumbukumbu ya kompyuta iwekwe vipande viwili vilivyo sawa, si kimoja, kwa kuwa grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake na hukopa ile ya prosesa, na vipande viwili hufungua njia mbili badala ya moja. Kijana ambaye michezo yake ni hiyo na mingineyo ya daraja lake, na ambaye anajenga kompyuta upya, anaweza kuanza hivyo na kuiahirisha kadi mpaka fedha ipatikane. Mwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, au mwenye hamu ya michezo mipya yenye uzito, hana njia hiyo, naye ndiye tunayeendelea naye.

Neno nafuu katika bidhaa hii limehama mahali pake katika muda wa miaka kumi, na asiyejua lilikohamia atadhani kila muuzaji anamlaghai. Mwaka 2016 AMD ilitoa Radeon RX 480 yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa dola 199 za Marekani, na NVIDIA ikajibu kwa GTX 1060 ya gigabaiti 6 kwa dola 249. Kadi hizo mbili ziliendesha karibu kila mchezo wa zama zile kwenye skrini ya mistari 1,080, na hiyo ya pili ilikaa kileleni mwa orodha ya kadi zinazotumiwa na wachezaji wa Steam miaka mingi, mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Chini yake palikuwa na GTX 1050 Ti kwa dola 139, na mwaka 2019 ikafuata GTX 1650 kwa dola 149. Kisha likaja janga la korona na uhaba wa chipu, na juu yake wakaja wachimbaji wa sarafu ya Ethereum, ambao waliziona kadi kuwa mashine za kuzalishia fedha na wakazinunua bila ya kuuliza bei, hata RTX 3060 iliyotoka Februari 2021 kwa dola 329 ikawa haipatikani kwa bei hiyo ila kwa bahati, ingawa NVIDIA ilikuwa imeifunga kwa makusudi ili isiwafae wachimbaji. Shughuli hiyo ilikoma tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mfumo uliohitaji kadi, na mafuriko ya kadi zilizotumika yakamwagika katika masoko ya dunia.

Wengi walitazamia kwamba baada ya hapo bei zingerejea zilipokuwa. Hazikurejea. RTX 4060 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 299, na RTX 5060 ikaifuata mwaka 2025 kwa bei ile ile; AMD ikauza RX 7600 kwa dola 269, kisha RX 9060 XT kwa dola 299 yenye gigabaiti 8 na dola 349 yenye gigabaiti 16; na Intel, mgeni wa tatu katika ukumbi huu, ikaingia Desemba 2024 na Arc B580 yenye gigabaiti 12 kwa dola 249, ambayo kwa maoni yetu ndiyo bei ya kiungwana kuliko zote zilizotangazwa karibuni, japo ina masharti tutakayoyaeleza. Lakini daraja la chini ya dola 150, lililokuwa kimbilio la wanafunzi, limekaribia kuachwa tupu. Si vigumu kuona kwa nini: viwanda vile vile vinavyotoa chipu za kadi hizi hutakiwa pia na wenye vituo vya akili bandia, ambao hulipa mara nyingi zaidi ya mchezaji, na mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu nayo ilianza kupanda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta kadi ya bei ya chini kabisa leo hutafuta, apende asipende, katika kadi zilizotumika.

Bei zote tulizozitaja ni za tangazo la Marekani, nazo hazina kodi ya mauzo ndani yake. Mshitiri wa Nairobi aongeze kodi ya thamani ya asilimia 16, wa Dar es Salaam asilimia 18, kisha nauli na faida ya mwagizaji, ndipo akaribie bei ya dukani. Wapo wanaoagiza kwa ndugu aliyeko Dubai au Maskati ailete kadi katika begi lake, na bei huwa njema. Ila dhamana ya duka la Bur Dubai hubaki Bur Dubai, na kadi ikiharibika mwezi wa pili hakuna wa kuipeleka.

Sasa tufike penye kiini cha jambo, ambapo ndipo fedha nyingi za vijana wa Afrika Mashariki hupotelea. Kompyuta nyingi za michezo katika miji yetu hazikuzaliwa kwa michezo: ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya na Marekani, ambazo huku Kenya huitwa ex-UK, na ambazo zimezidi kuwa nyingi tangu Windows 10 ilipokatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa ofisi nyingi zenye prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel haziwezi kuhamia Windows 11 kwa njia rasmi. Ni mashine imara, na bei yake ni ya rehema. Walakini ziliundwa kwa ajili ya barua na hesabu, na waliozitengeneza hawakuacha ndani yake nafasi wala umeme wa anasa. Zile nyembamba zina pawa saplai ya wati 240 au karibu yake, isiyo na waya hata mmoja wa kulishia kadi. Plagi zake aghalabu ni za kampuni yenyewe, hata mtu hawezi kuichomoa na kutia nyingine ya kawaida bila ya kifaa cha kuunganishia. Na sanduku lake haliruhusu kadi ya kimo kamili kuingia.

Hapa ndipo tarakimu ya 75 inapostahili kukaririwa kama jina la mtu mpendwa. Sloti ya PCI Express inayobeba kadi yaweza kutoa wati 75 na si zaidi. Kadi yoyote inayokula kiasi hicho au chini yake haihitaji waya, na kadi yoyote inayozidi hapo hudai plagi yake kutoka kwa pawa saplai, ama ya pini 6 inayoleta wati 75 nyingine, ama ya pini 8 inayoleta 150. Kwa mwenye mashine nyembamba ya ofisi, basi, orodha ya kadi za kuchagua ni fupi sana: GTX 1050 Ti na GTX 1650 zisizo na plagi, RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024 na kula wati 70, RX 6400 ya wati 53, na zile za kazi za uhandisi kama RTX A2000 ya wati 70, ambazo mara nyingine hupatikana kwa bei isiyotarajiwa kwa kuwa wauzaji hawajui kwamba zacheza. Kila moja kati ya hizi ina toleo la kimo kifupi na toleo la kimo kirefu, au ilitengenezwa kwa kimo kimoja tu, na muuzaji asiyeulizwa hatasema.

Mafundi wetu, kwa werevu wao, wamevumbua dawa ya upungufu huo, nayo ni waya unaotoa umeme katika plagi ya diski ya aina ya SATA na kuugeuza kuwa plagi ya pini 6. Dawa hii ni ya hatari. Plagi ya SATA imekadiriwa kubeba ampia 4.5 kwa volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi ikiambiwa kwamba ina plagi ya pini 6 huchukulia kwamba imeruhusiwa 75. Mkondo unaozidi hapo huipasha plagi joto, na joto huyeyusha plastiki. Si kila mwenye kufanya hivyo ameunguza nyumba, lakini hakuna aliyefanya hivyo kwa kujua na kisha akalala usingizi mzuri. Vivyo hivyo pawa saplai mpya za bei ya chini mno zenye kibandiko cha wati 500 au 600, nyepesi mkononi kama sanduku tupu, haziaminiki hata kidogo. Na katika miji ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo ngao ya kadi, na anayebana fedha hapo ili aongeze kwenye kadi amejenga juu ya mchanga. Rai yetu ni kwamba mwenye sanduku pana la ofisi anayetaka kadi ya wati 130 na zaidi ahesabu bei ya pawa saplai mpya kuwa sehemu ya bei ya kadi, na akiona jumla imemshinda, arudi kwenye wati 75 kwa moyo mkunjufu.

Ubao mama nao una neno lake. Kadi huzungumza na kompyuta kupitia njia zilizopangwa sambamba katika sloti, kwa kawaida 16, na kila kizazi cha PCI Express huongeza mwendo wa njia hizo maradufu. Kampuni zikitaka kupunguza gharama hupunguza njia: RX 6600 na RTX 4060 zina njia 8, jambo ambalo katika ubao wa kizazi cha tatu hupunguza kidogo tu, lakini RX 6500 XT ya Januari 2022, na ndugu yake RX 6400, zina njia 4 pekee na gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi hulazimika kwenda na kurudi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kupitia uchochoro ule. Katika ubao mpya wa kizazi cha nne uchochoro huo hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde, na katika mashine kuukuu za ofisi, ambazo ndizo hasa zinazonunuliwa kadi hizo, nusu yake. Kadi ya masikini ikatengenezwa kwa namna ambayo humfaa tajiri mwenye ubao mpya. RX 6500 XT iliuzwa dola 199, bei ya RX 480 ya miaka sita kabla yake, nayo haina hata kipande cha kunasia video. Sisi hatuoni mahali inapostahili kununuliwa ikiwa mpya.

Kadi za Intel zina sharti la namna nyingine. Hutegemea sana uwezo uitwao Resizable BAR, ambao huiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja badala ya dirisha dogo, na uwezo huo kwa njia rasmi haupatikani ila katika ubao wa Intel wa kizazi cha kumi na kuendelea, au wa Ryzen 3000 na kuendelea. Fauka ya hayo, majaribio ya mwanzo wa mwaka 2025 yalionyesha kwamba B580 ikitiwa katika kompyuta yenye prosesa dhaifu hupoteza mwendo zaidi kuliko washindani wake, kwa kuwa draiva yake humtwisha prosesa kazi nyingi. Kwa hiyo kadi ya dola 249 iliyo bora kwa mwenye mashine mpya ni kadi mbaya kwa mwenye OptiPlex ya mwaka 2014, na hakuna ubingwa wa kadi yenyewe unaoweza kubadili hukumu hiyo.

Tuliahidi kuyarudia majina. Kampuni hizi zina mazoea, ambayo hatuwezi kuyaita kwa jina jingine ila ghiliba, ya kutoa bidhaa mbili tofauti zenye jina moja. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupunguziwa kumbukumbu peke yake, ilipunguziwa na vihesabio kutoka 1,280 hadi 1,152. RTX 3050 ya gigabaiti 6 ina vihesabio 2,304 ilhali ile ya gigabaiti 8 ina 2,560, na njia ya kumbukumbu imebanwa kutoka biti 128 hadi 96. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ina njia ya biti 192, na ile ya gigabaiti 8 iliyofuata ina 128. RX 580 yenye maandishi 2048SP, iliyotengenezwa kwanza kwa soko la Uchina na sasa imejaa katika kila soko la rahisi, ina vihesabio 2,048 badala ya 2,304, yaani kwa hakika ni RX 570 iliyovishwa joho la kakaye. Na aibu iliyozidi zote ni GT 1030, ambayo mwaka 2018 ilitolewa kwa kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5, na mwendo wa kumbukumbu ukaporomoka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi takriban 17, bila ya jina kubadilika hata herufi. Mshitiri aliyesoma sifa za kwanza na kuuziwa ya pili hakudanganywa na muuzaji wa mtaani. Alidanganywa na kiwanda.

Chini ya ghiliba hizo zilizo halali kuna zile za haramu. Kadi za zamani kama GTS 450 ya mwaka 2010 na GTX 550 Ti ya mwaka 2011 zimebadilishwa programu yake ya ndani zikajitambulisha kwa kompyuta kuwa GTX 1050 Ti, na Windows huamini inachoambiwa. Dalili moja haihitaji ufundi: kizazi cha GTX 10 hakikuundwa kutoa picha kwa njia ya kale ya VGA, kwa hiyo kadi inayodai kuwa 1050 Ti ikiwa na tundu la buluu la VGA mgongoni mwake yastahili shaka kubwa. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huzitambua nyingi za kadi hizo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Muuzaji anayekataa isiendeshwe mbele ya mteja amekwisha kutoa ushahidi.

Kuhusu kadi zilizotoka kwa wachimbaji wa sarafu, hofu ya watu imepita kiasi. Chipu iliyofanya kazi mchana na usiku kwa joto lisilobadilika haichakai kama inavyodhaniwa. Vinavyochoka ni feni, na ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na bomba lake, ambayo hukauka, na mara nyingine chipu za kumbukumbu zilizopikwa kwa miaka. Feni hubadilishwa, na dawa ya joto hupakwa upya na fundi yeyote mwangalifu. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja hofu iliyo ya haki zaidi ni chumvi na unyevu wa pwani, na kwa mtu wa bara ni vumbi. Kadi iliyokaa miaka mitatu katika kibanda cha michezo kando ya barabara ya vumbi yaweza kuwa imechoka kuliko ya mchimbaji. Uchovu wa namna zote mbili hujulikana kwa njia moja: kadi iendeshwe kwa uzito wote muda wa robo saa, joto litazamwe, feni zisikilizwe, na skrini ichunguzwe kama ina nukta au mistari isiyo na asili.

Linabaki suala la kumbukumbu, linalogombaniwa kuliko yote. Gigabaiti 4 zatosha kwa michezo ya mashindano na michezo ya kabla ya mwaka 2020, na mwenye kuitaka hiyo asiogopeshwe. Lakini PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na gigabaiti 16 za kumbukumbu zinazotumika pamoja, na watunzi wa michezo walipoacha kuitazama mashine iliyoitangulia, michezo yao ikaanza kulifurika daraja la gigabaiti 8 katika kompyuta. Mwaka 2023 Hogwarts Legacy na The Last of Us Part I ziliudhihirishia ulimwengu jambo hilo, hata wenye RTX 3070 ya gigabaiti 8, iliyotangazwa kwa dola 499, wakawaona wenye RTX 3060 ya gigabaiti 12 wakicheza kwa picha safi zaidi katika mipangilio ya juu. Mchezaji asiye na kiburi hushusha ubora wa picha za kuta na nguo, na gigabaiti 8 zikamfaa kwenye skrini ya mistari 1,080. Hilo ni kweli, na wanaosema gigabaiti 8 zimekufa wanasema kwa ajili ya watu wenye mifuko mingine. Hata hivyo kulipa dola 379 kwa RTX 5060 Ti ya gigabaiti 8, hali ile ya gigabaiti 16 ilitangazwa kwa dola 429, ni kununua nguvu isiyo na pa kusimama.

Mbinu za kukuza picha, yaani kuichora kwa udogo kisha kuipanua kwa hesabu, zimerefusha maisha ya kadi dhaifu, na ni haki kuzisifu: DLSS ya NVIDIA hufanya kazi katika kadi za RTX peke yake, ilhali FSR ya AMD, iliyotoka Juni 2021, katika matoleo yake ya mwanzo hukubali hata kadi za washindani na za zamani. Fremu za kubuni, yaani picha zinazotiwa kati ya zile zilizochorwa kweli, ni habari nyingine; hupendeza pale ambapo mwendo ni mzuri tayari, na hazimsaidii aliye na fremu 25 kwa sekunde.

Umri wa kadi hupimwa pia kwa huruma ya kampuni iliyoizaa. NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya michezo kwa kizazi cha GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025, ikaahidi marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. AMD iliziweka kando kadi zake za RX 400 na 500 mwaka 2023. Tena ipo michezo ambayo haianzi kabisa bila ya kifaa cha kufuatilia miali ya nuru ndani ya kadi, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025, na michezo hiyo huzifungia mlango kadi zote za GTX, hata 1660, lakini huipokea RX 6600 iliyo ndogo kwa bei.

Kwa hiyo hukumu yetu, kwa mwenye skrini ya mistari 1,080, ni hii. Mwenye mashine nyembamba ya ofisi achukue RTX 3050 ya gigabaiti 6 ya kimo kifupi akiimudu, na asipoimudu, GTX 1650 iliyotumika. RX 6400 asiiguse ila ubao wake uwe wa kizazi cha nne. Mwenye sanduku pana na pawa saplai ya kweli ya wati 450 atafute RX 6600, ambayo hula wati 132 na ambayo bei yake imeshuka mbali na dola 329 ilizotangazwa mwaka 2021. Kwa wati 550, RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyotumika ni bora zaidi, hasa kwa anayefanya pia kazi za video au michoro ya majengo. Anayejenga upya kwa ubao na prosesa za karibuni achague kati ya B580 na RX 9060 XT ya gigabaiti 16, kwa kadiri ya mfuko. RX 580 na GTX 1060 zibaki kwa wale wanaozipata kwa bei ya chini mno na wanaojua michezo watakayocheza.

Na kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue na wa kila mtaa unaouza bidhaa hizi, tuna ombi moja lisilowagharimu kitu: katika stakabadhi, badala ya kuandika kadi ya grafiki moja, waandike jina lake kamili, ukubwa na aina ya kumbukumbu yake, namba iliyochapwa mgongoni mwake, na idadi ya siku za dhamana wanayoitoa wao wenyewe.